Redio ya Baba na Amplifaya ya Jumuiya

Nyuma ya kompyuta yangu kuna matundu matatu ya pini ndogo: la kijani, la pinki na la bluu. La kijani hutoa sauti kwenda kwenye spika, la pinki hupokea sauti kutoka kwenye maiki, na la bluu sijawahi kuwa na shida nalo. Yote haya yameelezwa kwenye kijitabu kilichokuja na mashine. Nilikisoma mwanzo hadi mwisho, maana nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na mwalimu husoma hata maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Pamoja na kusoma kote huko, kuunganisha kompyuta na spika kulinichukua wiki mbili. Mke wangu aliniuliza kulikoni. Nikamjibu kwamba kazi ya umeme haitaki haraka.

Sababu halisi ni kwamba sikutaka ifanye kazi.

Mama yangu anaishi nasi hapa Mbinga mjini tangu baba alipofariki. Umri wake umepita themanini na masikio yamefunga. Hospitali walimpa kifaa cha kuweka sikioni, akakivaa wiki moja, akakivua. Alisema kinamletea kuku na sufuria, lakini watu hakiwaleti. Anachosikia vizuri ni spika kubwa. Gari la matangazo ya dawa za kahawa likipita barabara ya juu, yeye hulisikia kabla yetu, na mahubiri ya Jumapili huyapata yote kwenye spika za kanisa, kiasi cha kumkosoa padri wakati wa chakula cha mchana. Sisi wengine humwinamia sikioni na kupiga kelele: dawa, uji, maji ya kuoga, mgeni.

Kwaresima iliyopita mvua zilikuwa nyingi na miguu ilimsumbua, hivyo padri akamletea komunyo nyumbani. Akamshauri atue mizigo yote ya moyoni kabla ya Pasaka. Padri alipoondoka, mama alituita sebuleni mimi na mke wangu, akatutangazia kwamba amejichunguza na kukuta umebaki mzigo mmoja. Hajamsamehe mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, kwa kuunguza redio ya baba. Sasa anataka kumsamehe.

Nilimwinamia nikamwambia nitamfikishia kaka ujumbe huo siku hiyohiyo. Akakataa.

"Msamaha siyo salamu za kutumana," alisema. "Nimwambie mwenyewe, naye anijibu nimsikie."

Kaka yuko ng'ambo ya ziwa, Malawi, upande wa Nkhata Bay. Alivuka akiwa kijana kufanya kazi kwenye vyombo vya majini, akaoa huko, akazeeka huko. Sasa ana wajukuu na mguu mbovu, na safari ya meli haiwezi tena. Simu ya kuweka sikioni kwa mama ni sawa na kumpa kipande cha sabuni asikilize. Ikaonekana basi kwamba njia ni moja: kaka apige simu ya mtandao, iingie kwenye kompyuta yangu, itokee kwenye amplifaya ya Jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Amplifaya hiyo na spika zake mbili, kila moja ikimfikia mtu kifuani, hukaa sebuleni kwetu chini ya kitambaa cha kufuma, kwa kuwa mke wangu ndiye mtunza vyombo vya Jumuiya. Na wa kuunganisha alijulikana bila kikao. Kwenye ukoo wetu kitu chochote chenye waya huletwa kwangu.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja, na haikuhusu waya. Redio ya baba hakuiunguza kaka. Niliiunguza mimi.

Tulikuwa tunaishi kijijini Mapera wakati huo. Baba alikuwa ameinunua baada ya msimu mzuri wa kahawa, redio pana ya mbao, yenye kutumia betri kubwa sita. Betri zilikuwa adimu. Baba alizianika juani kila alasiri ili zipate nguvu tena, na jioni alipata nusu saa ya habari na matangazo, kwa sauti inayofifia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na niliona huo ni umaskini wa fikra. Dereva wa lori la ushirika, aliyepanga chumba kwetu, alikuwa ameacha betri ya gari stoo akisubiri lori litengenezwe. Kwa akili yangu, nguvu ikizidi, redio itasema kwa nguvu zaidi. Nikaunganisha, tena waya nikazibadilisha, chanya kwenye hasi. Redio haikusema kabisa. Ilitoa moshi.

Kaka, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alinusa moshi akakimbilia ndani, akaanza kuzing'oa waya kwa mikono. Wakati huohuo mimi nilirudi nyuma hadi mlangoni. Baba alipoingia kutoka shambani alikuta watoto wawili: mmoja amepiga magoti mbele ya redio, waya mkononi, vidole vimeungua, mwingine amesimama mlangoni kwa adabu kama anayesubiri kutumikia misa. Hakuuliza. Kaka alinitazama mara moja, halafu akatazama chini. Sikusema kitu. Kilichofuata kila aliyelelewa huku kwetu Umatengoni enzi hizo anakijua.

Lingekuwa jambo la viboko tu, lingekwisha wiki hiyo. Halikwisha kwa sababu ya mama. Mama si mtu wa Mapera. Kwao ni Tingi, bondeni kuelekea ziwani, na aliolewa kwetu milimani akiwa msichana. Wiki tatu baada ya redio kuungua, baba yake alifariki huko. Ndugu zake walifanya kama watu wote walivyofanya: walipeleka tangazo la kifo redioni. Likasomwa jioni tatu mfululizo, na jina la mama likiwemo kwenye orodha ya wanaopaswa kufika. Jioni zote tatu sisi tulikuwa tunakula maharage mbele ya sanduku la mbao lililokufa. Majirani wenye redio walisikia, wakadhani nasi tumesikia, wakashangaa kimoyomoyo mbona hatuondoki. Habari ilitufikia siku ya kumi na moja, imeletwa na mwanamke muuza dagaa aliyepanda kutoka ziwani na kumpa mama pole akifikiri anampa pole ya pili.

Mama hakumzika baba yake. Alikwenda Tingi akakuta udongo umeshaanza kukauka. Aliporudi hakumpiga kaka wala hakumlaani. Alisema tu, na aliendelea kulisema kila palipokuwa na msiba kwa watu wengine, kwamba yeye hakumzika baba yake kwa sababu ya mikono ya mwanawe.

Kuanzia hapo kaka akawa mtu wa kuharibu. Kikombe kikivunjika yeye akiwa Mkumbi kwa shangazi, lazima alikuwa ameshakitia ufa kabla ya kuondoka. Hakupewa taa ashike, hakupewa baiskeli ya baba hata kuisukuma. Mimi, kwa woga zaidi kuliko kipaji, nikaanza kujifunza waya. Sikutaka kuunguza kitu tena maisha yangu yote. Nikajua chanya na hasi, nikajua kulehemu, nikatengeneza redio za walimu wenzangu na pasi za masista, na sifa zikaja zenyewe. Mama alizoea kunionyesha kwa wageni na kusema kwamba Mungu akinyima huku hutoa kule. Kaka alipovuka ziwa nilimsindikiza hadi Mbamba Bay. Tulikula samaki mbasa wa kuchoma, tukaongelea hali ya hewa. Jambo lile tulikuwa tumezoea kulizunguka, kama watu wanavyozunguka shimo la choo cha zamani: hakuna aliyelifunika na hakuna aliyeanguka.

Hiyo ndiyo kazi niliyokabidhiwa, kuunganisha vyombo ili kaka asamehewe kosa langu.

Nilianza kwa kutafuta waya wa kufaa, wenye pini ndogo upande mmoja kwa ajili ya kompyuta, na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili kwa ajili ya amplifaya. Nilikuwa nao kwenye droo. Nilitumia siku nne kutouona. Nilipouona, nikauchomeka kwenye tundu la pinki, nikawatangazia watu wa nyumbani kwamba sauti haitoki na pengine kadi ya sauti imekufa. Mke wangu hajasoma kijitabu, lakini alichungulia nyuma ya meza akaniuliza kama lile la kijani nimelijaribu. Nikalijaribu.

Ukaja mvumo. Spika zote mbili zilivuma kwa sauti nzito isiyokatika, na mama akauliza nani anasaga mahindi. Mvumo wa namna hiyo hutokea pale kompyuta na amplifaya zinapochukua umeme kwenye soketi tofauti. Dawa yake ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, jambo ninalolijua kama ninavyojua Baba Yetu. Niliuacha uvume siku tano nikisema nauchunguza. Siku ya sita mama alisema kwamba kama nimeshindwa si aibu, atamwomba padri amtume fundi wa spika za kanisa. Nikachomeka vyote kwenye ekstensheni moja.

Ilibaki maiki. Nilikuwa na maiki ndogo ya mezani ya kompyuta, na nikaiweka juu ya spika, kwa kuwa palikuwa bapa na hapana vikombe. Alasiri ya Jumamosi kaka akapiga. Mama alikuwa kwenye kiti chake hatua tatu kutoka spika, kitenge kipya, mikono magotini. Sauti ya kaka ikajaza sebule. Mama alishtuka, halafu uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka. Alikuwa anamsikia. Nilifurahi, pamoja na yote.

Kaka alianza kusalimia nyumba nzima. Habari za huko, nzuri tu, poleni na mvua, asante. Akasema Tumsifu Yesu Kristo, mama akaitikia milele na milele, amina, naye kaka akaitikia milele na milele, amina. Kisha akasema shikamoo, mama. Mama akaitika marahaba mwanangu, kwa nguvu zote. Kaka akanyamaza. Mama akangoja. Baada ya muda simu yangu ya mkononi ikatoa mlio, ujumbe kutoka kwa kaka: "Mdogo wangu, mama ananiamkia. Mpelekeni hospitali."

Nilielewa pale pale. Sauti ya kaka ilikuwa inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki iliyokalia spika hiyohiyo, na kumrudia kaka Malawi ikiwa imekwaruzika kidogo na kuchelewa kidogo. Ya mama haikuifikia maiki kabisa. Alichokuwa anakisikia kaka tangu mwanzo ni yeye mwenyewe. Aliposema habari za huko aliulizwa habari za huko, aliposema nzuri tu akajibiwa nzuri tu, na hivyo ndivyo watu wetu wanavyosalimiana hata bila mitambo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushtuka. Hata Tumsifu ilipita. Shikamoo ndiyo haikupita, maana hakuna mama anayempa mwanawe shikamoo akiwa na akili timamu.

Nilitangaza kwamba mtandao ni mbaya, na kwamba tujaribu baada ya Pasaka. Mama alisema padri alisema kabla. Halafu akaniuliza, kwa upole, kama nimechoka.

Jumamosi iliyofuata nilitumia maiki ya mkononi ya Jumuiya, yenye swichi ya kuwasha na kuzima, nikiwa nimeivalisha kichwa cha kubadilishia pini ili iingie kwenye lile tundu la pinki. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kaka akisema, swichi imezimwa, hakuna sauti ya kumrudia. Mama akisema, ninaisogeza maiki mdomoni kwake na kuwasha. Maana yake ni kwamba kila neno la mama kwenda kwa kaka lilipita kwenye kidole gumba changu. Nililigundua hilo nikiwa nimeshaketi kwenye kigoda kati ya kiti cha mama na meza ya kompyuta, maiki mkononi.

Salamu zilikwenda vizuri. Shikamoo ilipata marahaba yake. Mama akamuuliza kaka kuhusu mguu, kuhusu wajukuu, kuhusu muhogo wa huko, naye akajibu vyote. Kisha mama akajiweka sawa kwenye kiti na kuanza kusema lililomkalisha pale. Alisema kwa lugha ya nyumbani, Kimatengo alichokikuta kwa wakwe na ambacho hukitumia kwa mambo mazito. Kiswahili chake ni cha kanisani na cha hospitali. Alimweleza kaka kwamba amekaa na jambo la redio miaka yote. Kwamba hakumpa baba yake udongo, na kwamba kila alipoona watu wakitupa udongo kaburini alimkumbuka kaka, si baba yake, na hiyo ndiyo dhambi anayotaka kuiacha.

"Nimekusamehe," alisema. "Ulikuwa mtoto. Kuanzia leo sitalitaja tena."

Nikazima swichi ili kaka ajibu. Spika zikawa kimya muda mrefu, kiasi kwamba nilitazama kama waya umetoka. Haukuwa umetoka.

"Asante, mama," kaka akasema. "Nimepokea."

Mama akafumba macho, akashusha pumzi. Kaka akauliza kama mdogo wake yupo karibu. Nikawasha swichi, mama akajibu kwamba yupo, ndiye aliyeshika maiki, ndiye aliyehangaika na kazi yote hii. Nikazima.

"Mwambie namshukuru kwa kutuunganisha," alisema kaka.

Hakusema kwa kejeli. Ningependa angesema kwa kejeli. Nilisikia aibu ya mtoto wa miaka kumi na moja ndani ya mzee mwenye pensheni. Nikawasha swichi, nikaisogeza maiki mdomoni kwangu, nikasema kwa sauti ya chini: "Kaka, nisamehe. Ni mimi."

Hapo nilijikuta nimefanya kosa la kifundi. Maiki ile ilikuwa imeunganishwa kwenye kompyuta, na kompyuta ilipeleka sauti Malawi. Kwenye spika za pale sebuleni haikutoa kitu. Niliungama kwa mtu pekee duniani ambaye tayari alikuwa anajua, na mama, aliyekuwa hatua moja kutoka kwangu, aliona midomo yangu ikicheza tu.

"Anasema nini?" mama akaiuliza spika.

Sauti ya kaka ikaja, pana na tulivu, ikajaza sebule nzima.

"Anasema sauti iko vizuri, mama."

Mama akatabasamu, akamgeukia mke wangu aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni, akamwambia kwamba huyu tangu utotoni mikono yake ni ya kujenga.

Jambo lingeweza kuishia hapo. Mama alikuwa ametua mzigo wake, padri angefurahi, kaka alikuwa amekubali, na kwa jinsi alivyokubali ilionekana wazi kwamba angekubali hadi kaburini. Hakuna aliyenidai neno. Lakini nilimtazama mama akiitazama ile spika kwa huruma, huruma ya mtu aliyetoa kitu kikubwa, na ndani yake alikuwemo kaka yangu, mzee wa wajukuu, aliyebebeshwa kosa langu mara ya pili na kunishukuru juu. Nikajiona mchafu. Sina neno jingine.

Ningeweza kumwinamia mama sikioni. Lakini ile ni sauti ya dawa na uji. Tumeitumia kwa uji miaka mingi mno, na hili sikuweza kulisema kwa sauti ya uji. Nilichomoa maiki kwenye kompyuta. Nikaivua kile kichwa cha kubadilishia, nikaichomeka kwenye amplifaya, kwenye tundu kubwa ambalo ndilo hasa iliumbiwa. Spika zikapiga mluzi. Mke wangu aliniuliza nafanya nini; nikawasha swichi.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote mbili, ikapita madirishani, ikaenda hadi barabarani. "Redio ya baba niliiunguza mimi. Kaka alikuja kuzima moto. Niliogopa nikanyamaza."

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara alikuwa anageuza mahindi kwenye turubai. Nilimwona kwa dirisha akiacha kugeuza.

Mama aliitazama spika kwanza, kwa mazoea, kama anayetafuta ni nani kati ya wanawe anayesema humo. Halafu akanigeukia mimi na maiki yangu.

"Punguza sauti," alisema.

Nikapunguza.

"Wewe," akasema.

"Mimi, mama."

"Siyo yeye."

"Siyo yeye."

Alitoa pembe ya kitenge chake, akafuta mdomo ambao haukuwa na kitu. Nilisubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa kofi, kwa kuwa kwetu mama wa miaka themanini anaruhusiwa. Nilijiandaa pia, nakiri, kwa kusamehewa. Kwaresima ilikuwa inaelekea ukingoni na mama alikuwa kwenye hali hiyo.

"Nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea," alisema, akimwambia mke wangu zaidi kuliko mimi. Kisha akanigeukia. "Bado yupo humo?"

Nilitazama kompyuta. Simu haikuwa imekatika. Kaka alikuwa bado ng'ambo, kwenye ukimya, kwa sababu tangu nilipochomoa maiki hakuwa amesikia lolote kutoka kwetu. Nikamwonyesha mama kwa kichwa kwamba yupo.

"Iunganishe kama ilivyokuwa. Nina neno naye." Nilipoinama kuchomoa pini, akaongeza: "Wewe nitakufikia."

Nimefanya kazi ya waya zaidi ya miaka arobaini, na siku hiyo sikuweza kuiingiza pini ndogo kwenye tundu la pinki. Nilipapasa nyuma ya mashine kama kipofu. Mke wangu alipiga magoti kando yangu, akaichukua mkononi mwangu, akaichomeka. Hakunitazama. Niliporudi kwenye kigoda na kuisogeza maiki mdomoni kwa mama, aliishika, akaivuta kutoka kwenye vidole vyangu.

"Nipe. Inawashwa wapi?"

Nikamwonyesha swichi. Aliiwasha mwenyewe, kwa kidole gumba, akaishika kwa mikono miwili karibu na kidevu.

"Mwanangu," alisema. "Mdogo wako ameniambia. Nimekusema vibaya kwa watu, miaka yote hii. Misibani nimekusema. Kwa wakwe zangu nimekusema. Ulikuja kumsaidia, nami nikakuita mharibifu. Sasa mimi ndiye ninayeomba. Nisamehe, mwanangu."

Hakuizima swichi. Sikuthubutu kuinyoosha mikono yangu. Tukakaa, sisi watatu, tukizitazama spika. Kisha ikaanza kutoka sauti ambayo sikuitambua, ya kukwaruza, inayokatika na kurudi, inayopanda na kuvunjika, na kwa kuwa maiki ilikuwa imewashwa ilivuka hadi kwenye simu yake na kurudi tena sebuleni, ikawa mbili, ikawa tatu. Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye amplifaya wenyewe.

Mama akauona.

"Hiyo ni mashine," aliuliza, "au ni yeye?"

Nikasikiliza vizuri, nikamwinamia sikioni.

"Ni yeye, mama."

"Basi usiguse kitu."